MWANAMUME ALIYEBAKWA ASIOGE KWANZA



Ndugu yangu katika imani, leo nazungumzia jambo ambalo sisi wa mimbari tunalipita kimya.

Miaka kadhaa nyuma alinijia mtu baada ya swala ya Isha. Mtu mzima, ana mke. Watu walimvamia usiku wakamwingilia kwa nguvu. Akaniuliza swali moja tu: "Sheikh, nioge vipi nitwaharike?" Nikamweleza josho, nikamwombea dua, nikamwambia asubiri. Hospitali sikuitaja. Najuta mpaka leo, maana maji yale yaliondoka na ushahidi.

Sikiliza vizuri. Aliyelazimishwa hana dhambi. Hata mwili ukiitikia, hiyo si ridhaa. Na josho la janaba si wajibu dakika ile ile, bali pale unapotaka kuswali. Abu Hurayra (r.a.) alikutana na Mtume ﷺ njiani akiwa na janaba, akaondoka kwa haya. Mtume akamfahamisha kwamba muumini hawi najisi. Basi wewe uliyedhulumiwa unajiona uchafu kwa nini?

Nenda hospitali kama ulivyo. Nguo ukizivua, tia kwenye mfuko wa karatasi. Wa plastiki unatunza unyevu na ushahidi unaoza. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zianze ndani ya saa 72, mapema zaidi ni bora, kisha unameza siku 28. Muuguzi aliyefunzwa kazi hii anakagua majeraha, anachukua sampuli, anaandika. Kila hatua anakuomba ruhusa, na unaweza kuomba muuguzi mwanamume. Kufunua uchi hapo ni dharura ya tiba.

Najua unachoogopa. Kenya, sheria ya makosa ya ngono ya 2006 inamlinda "mtu" yeyote. Tanzania Bara, kifungu cha ubakaji kinamtaja mwanamke na msichana. Aliyemwingilia mwanamume anashtakiwa kwa kosa la kinyume cha maumbile, na kifungu hichohicho kinamhukumu aliyeridhia. Ndiyo maana wengi wanakaa kimya wasije wakaitwa washirika. Lakini karatasi ya muuguzi inayoonyesha michubuko inaweza kuwa ndiyo inayokutetea! (Na kukosa michubuko si dalili ya kukubali. Wengi huganda kwa hofu.)

Maimamu wenzangu, akikujia mtu wa namna hii, usianze na josho. Muulize: "Ilikuwa lini?" Kisha mtafutie gari, uende naye.

Wallaahu a'lam.