Mia tisa itapendeza
Hapa Nkunga mnunuzi akishataja bei ya mikungu yako ya ndizi, wengine unawaambia waondoke. Asiporudi na hela, ndizi zinaivia barazani na hasara ni yako. Ndiyo maana nilishindwa kucheka Novemba 2017, nchi nzima ilipokuwa ikirudia "mia tisa itapendeza". Katika mnada wa kampuni ya Yono jijini Dar es Salaam, nyumba zikiuzwa kwa ajili ya deni la kodi, mzee mmoja, Dk. Louis Shika, ndiye aliyesema maneno hayo akipandisha dau mpaka akashinda nyumba tatu, jumla shilingi bilioni 3.2. Ilipofika kulipa asilimia 25 ya dau, hakuwa nayo. Polisi wakamshikilia, na kwangu mimi walifanya sawa: dau la mnadani ni ahadi mbele ya watu, na waliofika na fedha za kweli walirudi mikono mitupu. Kinachoniuma zaidi ni sisi. Stendi ya Tukuyu makondakta walikuwa wakitaja nauli kwa sauti ya Dk. Shika, simu zilijaa picha zake, na mzee yule hatukumwuliza amekula nini.