Mbio za Sakafuni

Kuna hoja inayonichosha, na kwa kuwa inazidi kupata wafuasi miongoni mwa vijana wenzangu wenye leseni ya bunduki, au wanaoitafuta, nitaijibu. Inasema hivi: ukitaka kulinda shamba lako dhidi ya nguruwe pori, tafuta risasi nyembamba yenye kasi kuliko zote. Wakiulizwa ushahidi, wanamtaja Bell.

Tuanze na huyo Bell. Walter Bell, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1880, aliua tembo zaidi ya 1,000 katika Karamoja ya Uganda na nchi za jirani, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7 ambayo wawindaji wengi wa enzi zake waliidharau. Ni kweli. Lakini anayemleta kama shahidi wa kasi hajatazama hesabu. Kichwa cha risasi yake kilikuwa na gramu 11 hivi, kirefu, kimevikwa chuma kisipasuke, na kilikwenda kama mita 700 kwa sekunde. Hata wakati ule hiyo haikuwa kasi ya ajabu. Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi. Kilichoua ni maarifa, pamoja na kichwa kisichovunjika njiani. Wala tusimfanye mtakatifu: tembo wote hao walikufa kwa sababu ya pembe.

Sasa tuje kwenye kasi yenyewe. Marekani kuna mafundi wanaochukua ganda kubwa la risasi, wakalibana shingo lishike kichwa kidogo, kisha wakalijaza baruti. Nyingi ya risasi hizi za kujibunia huishia karakanani kwa aliyezibuni. Chache huingia kiwandani, kama .22-250, iliyotokana na ganda la .250 Savage na kupokelewa na Remington mwaka 1965. Kabla yake, mwaka 1935, Winchester walitoa .220 Swift, inayorusha kichwa cha gramu 3 kwa karibu mita 1,250 kwa sekunde.

Kwa nishati, Swift na risasi ya Bell hazipishani sana: jouli kama 2,400 kwa 2,700. Hapo ndipo wenzangu hufunga daftari. Wangezidisha uzito kwa kasi tu, wangeona kwamba msukumo wa risasi ya Bell ni mara mbili. Tena vichwa vingi vya risasi hizi za mbio vimetengenezwa vipasuke vinapogusa tu, kwa ajili ya wanyama wadogo wanaopigwa kwa mbali, mita 300 na zaidi, kwenye uwanda mweupe.

Korogwe si uwanda mweupe. Mimi nimekulia huku, na sasa nasoma shahada ya uzamili mjini, lakini dungu nalijua. Ukiwa juu ya dungu, nguruwe humwoni mita 300. Unamsikia kwanza, akivunja mahindi, na akitokeza yuko hatua thelathini, nyuma ya majani, amekuelekezea bega lenye misuli na mfupa mzito. Kasi uliyoilipia kwa ajili ya umbali haina kazi hapo. Kichwa kinapasuka juu juu, jeraha linakuwa pana bila kina, na mnyama anaondoka nalo.

Anakwenda wapi? Anaingia kwenye mkonge au kwenye vichaka vya mtoni. Kesho yake alfajiri atakayekutana naye si mwenye bunduki. Ni mama aliyefuata kuni, au mtoto anayekatisha njia kwenda shule. Gharama ya risasi mbovu hulipwa na mtu ambaye hakuichagua. Hilo ndilo linalonikasirisha katika mazungumzo haya matamu ya mita kwa sekunde: mnyama aliyejeruhiwa haingii kwenye hesabu ya mtu.

Tena tuna mfano wetu wenyewe. Fundi wa gobore wa Handeni naye ni mbunifu: anashindilia baruti, anakata vipande vya nondo, anajaribu. Akikamatwa anafikishwa mahakamani, na kijana yuleyule anayemsifu fundi wa Marekani humwita mhalifu. Mimi simtetei. Vipande vyepesi vya gobore navyo hujeruhi na kuacha. Nasema tu kwamba kosa ni moja, la kuamini kwamba mlipuko mkubwa utafanya kazi ya uzito na shabaha.

Kwa tembo na nyati sheria yetu ya uwindaji imeshasema: kaliba isipungue .375. Wanaoiona sheria hiyo ya kizamani, eti Bell aliweza, wajiulize kama nao wamepasua fuvu. Na Mkomazi, hifadhi ya taifa tangu 2008, iko jirani. Tembo hasomi mpaka.

Kwa nguruwe, anayeruhusiwa kisheria achague risasi ya kiwandani, ya kasi ya wastani, yenye kichwa kizito kisichosambaratika, inayopatikana kwenye duka lenye kibali leo na mwakani. Ajifunze moyo umekaa wapi. Asipouona vizuri, apige debe. Debe halijawahi kumwachia jirani mnyama mwenye jeraha. Wazee walishasema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wetu ni mwisho wa shamba, pale inapoanza njia ya watu.