Hadithi Ndiyo Iliyoiroga Sumbawanga

Mzazi akimkuta mwanawe kainamia riwaya, hukumu huwa tayari: acha porojo hizo, shika kitabu cha maana. Eti hadithi hupoteza muda tu, haimwachii mtu kitu kichwani.

Basi anieleze kwa nini mtumishi wa Dar es Salaam akipangiwa kazi Sumbawanga, mkoani Rukwa, ndugu humsindikiza kwa dua na machozi. Hawajawahi kufika huko. Wanachokijua ni hadithi: radi ya kutumwa na wachawi mchana wa jua kali, mgeni aliyelala kitandani akaamkia makaburini. Ufipa, ulipo mji huo, ni uwanda wa juu kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, na mvua zake, kuanzia Novemba hadi Aprili, huja na ngurumo. Sayansi ya radi hufundishwa darasani kila mwaka, lakini inayopanda basi na kwenda kusimuliwa mjini ni hadithi ya radi ya kutumwa.

Laiti ingeishia kwenye utani. Kwamba kiungo cha mtu mwenye ualbino huleta utajiri, hiyo nayo ni hadithi, na Februari 2013 watu walikatwa mikono kwa ajili yake mkoani Rukwa, mmoja wao mtoto aliyekuwa akitoka shule.

Sasa chukua riwaya ya Takadini ya Ben Hanson, ambayo wanafunzi wengi wa sekondari Tanzania wamepewa katika somo la Kiswahili. Sekai amejifungua mtoto mwenye ualbino, mila inataka auawe, mama anambeba na kutoroka usiku. Msomaji anayetoroka naye, moyo ukimdunda kwa kila kishindo, ameonja kuwa upande wa anayewindwa. Semina gani ya wilaya kuhusu ualbino imewahi kumfikisha hapo, hata ikigawa soda?

Nasi riwaya hiyo tumeifanyia nini? Tumeikatakata: dhamira tano, ujumbe, sifa za wahusika, vyote ndani ya kijitabu cha uchambuzi. Mtoto anafaulu bila kukutana na Sekai, kisha tunajigamba kwamba tulisema, riwaya haibadili mtu.

Sidai kila msomaji huwa mwema. Wapo walimu wa fasihi wanaoogopa radi ya kutumwa kuliko mkaguzi. Lakini mzazi, ukimnyang'anya mwanao hadithi ya Hanson, ya jirani kuhusu wanaoruka kwa ungo ataisikia jioni hiyohiyo, bure, wala jirani hatakuomba ruhusa.