Mazishi ya Guka Tuliyatazama kwa Kibanda cha Gemu

Wacha niseme hii kitu mara moja. Kama wewe ni mpiga video wa Meru ama Embu, keti chini usome.

Guka alipozikwa hapa Runyenjes, tulichanga pesa tukaita mpiga video kutoka Meru mjini. Akasema kuna DVD ya kawaida, halafu kuna Blu-ray, ati "hiyo ndiyo HD." Tukaongeza pesa. Diski ikaja safi, picha ya Guka juu. Cucu akaiweka kwa deki yake ya DVD. Ikazunguka, ikanguruma, ikaandika "No Disc." Cucu akadhani ni yeye ameiharibu.

Hakuharibu kitu. Diski hizi zote zina upana wa sentimita 12, ndiyo maana zinaingia kwa trei bila shida. Lakini DVD husomwa na leza nyekundu. Alama za Blu-ray ni ndogo zaidi, zinataka leza ya buluu-zambarau. Mashine ya Blu-ray husoma DVD. Deki ya DVD haisomi Blu-ray, hata uipanguse na kitambaa mpaka kesho. Mpiga video anajua hivyo. Na kama hajui, anauza nini?

Tulizunguka Embu mjini tukitafuta mashine, wapi. Mwishowe tulienda kwa kibanda cha gemu, kwa sababu PlayStation 4 inasoma Blu-ray. Cucu aliketi kwa benchi katikati ya vijana wanaongojea zamu ya FIFA, akimlilia mzee wake mbele yao. Hiyo sitasahau.

Najua mtasema teknolojia inasonga. Inasonga ikienda wapi? Sony wenyewe waliacha kutengeneza Blu-ray tupu za kurekodia Februari 2025. Laptop nyingi mpya haziji na mahali pa diski. Wengine mtasema, "Si tuweke tu YouTube?" Cucu hana bando, na hiyo link yako itapotea siku utakapofuta vitu upate nafasi.

Halafu muache kututisha na GB. DVD ya tabaka moja inabeba 4.7, ya tabaka mbili 8.5. Blu-ray ni 25 ama 50. BDXL inafika 100 na zaidi, na hiyo hata mashine nyingi za Blu-ray haziisomi. Ni kweli picha ya DVD si HD. Lakini GB ni nafasi tu. Ukishuti kamera ikitetemeka, Blu-ray itahifadhi huo mtetemeko wote bila kupoteza hata kidogo.

Ninachotaka ni kidogo sana. Kabla hujachukua deposit, uliza: "Kwa nyumba mnatumia mashine gani?" Kisha utupe vitu viwili: DVD ambayo deki ya Cucu itacheza, hata kama ni diski mbili, na faili kamili kwa flashi, ili sisi wajukuu tuinakili kila mahali.

Na wewe mteja, usimalize kulipa kabla diski haijacheza kwa deki yako, kwa sebule yako, huku mpiga video akiangalia. Harusi unaweza kurudia kupiga picha ukitaka. Mzee anazikwa mara moja.