Tunalipa kuona maji, stakabadhi hatupewi



Nina dukuduku ambalo naamini si langu peke yangu. Linahusu njia za miguu zinazoshuka kwenye ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Newala, ambako watu hufuata maporomoko ya msimu yaliyojificha msituni.

Kwa wasioijua Newala: juu ya uwanda ule hakuna mto. Ardhi ni ya kichanga, mvua hunywewa palepale, na maji huja kutokeza chini kwenye chemchemi. Ndiyo maana tangu zamani akina mama wa huko walishuka bondeni na kupanda na maji kichwani. Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, aliiandika adha hiyo. Mvua zikikolea, kati ya Desemba na Aprili, makorongo makavu hupitisha maji kwa muda mfupi, kisha hukauka. Anayetaka kuyaona lazima awahi.

Msimu uliopita nilikwenda na wenzangu kutoka Mtawanya. Kabla hatujaanza kushuka, watu wawili waliokaa chini ya mkorosho walitudai shilingi elfu tano kila mmoja, wakisema ni fedha ya mazingira. Tukalipa. Tulipoomba stakabadhi, mmoja wao alichana karatasi ya daftari la shule akaandika jumla, basi: jina la ofisi hakuna, muhuri hakuna. Tulipouliza njia, alinyoosha kidole tu.

Vipandio vilivyochongwa kwa jembe vilikuwa vimeliwa na maji, na mwenzetu mmoja aliteleza akachunika goti. Kule chini, chupa za plastiki zilikuwa zimenasa kwenye mizizi kando ya maji. Juu, pale korongo linapoanzia, visiki vilikuwa bado vyeusi kwa moto na miche ya mikorosho imepandwa hadi ukingoni. Hayo ndiyo mazingira tuliyoyalipia.

Kulipa si tatizo. Hapa kwetu Mtwara tunayo Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na mgeni hulipa kiingilio kinachotambuliwa na sheria. Kwa msitu pia njia ipo: Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi na kuusimamia chenyewe. Kijiji kikifanya hivyo, fedha itakuwa na kitabu chake na mtu wa kuulizwa.

Najua watakaosema vijana wale wanatafuta riziki, tuwaache. Riziki ni haki yao. Basi wapewe vitambulisho, wafundishwe kuongoza wageni, wakarabati njia, na ujira wao ujulikane. Mgeni akiona njia mbaya anaweza kughairi akarudi zake mjini. Mama mwenye ndoo kichwani hana hiari hiyo. Atapita kwenye vipandio hivyohivyo vilivyobomoka. Na ukingo ukiendelea kuchomwa na kufyekwa, udongo utaporomokea kwenye chemchemi anayoitegemea.

Naziomba serikali za vijiji vya ukingoni zitamke kwenye mkutano mkuu wa kijiji ni nani aliyeruhusiwa kukusanya fedha hizo na zinafanya kazi gani. Halmashauri husika ihakikishe stakabadhi halali zinatolewa, vipandio vinatengenezwa kabla ya mvua za Desemba, na kilimo cha kuchoma moto hakifiki kwenye vichwa vya makorongo.

Nawe msomaji utakayekwenda, dai stakabadhi kabla hujafungua pochi, na chupa yako rudi nayo.

Mwananchi,
Mtawanya, Mtwara