T480 na Mrithi Wake

Ipo imani iliyoenea miongoni mwa wanafunzi, na hata miongoni mwa walimu wao, kwamba chombo kilichotoka kiwandani baada ya kingine hakina budi kukishinda. Imani hii huwagharimu fedha watu wasio nazo. Katika maduka ya Darajani, ukingoni mwa Mji Mkongwe, ThinkPad mbili zilizokwisha kutumika ng'ambo zaweza kuwekwa bega kwa bega: T480 ya mwaka 2018 na T490 ya mwaka 2019. Muuzaji huisifu ya pili kwa ujana wake, na mnunuzi hulipa zaidi.

Haki itendeke. T490 ni nyembamba, na uzito wake huanzia kilo 1.46, ilhali mwenzake huanzia kilo 1.58. Tofauti ni gramu 120. Embe boribo moja huzidi hapo. Ama ubongo, zote mbili zilitoka na ule wa kizazi cha nane cha Intel. Kwa unafuu wa nusu embe, basi, mnunuzi ametoa nini?

Ametoa betri. T480 inazo mbili: moja ndani, nyingine nyuma, nayo hutolewa kwa vikomeo viwili bila ya bisibisi. Ya nje ikiisha huchomolewa, ikatiwa nyingine, na ya ndani huilinda kazi isizimike. T490 ina moja tu, ya wati-saa 50, iliyofungiwa tumboni. Watetezi wake husema hiyo yazishinda zile mbili ndogo za T480, zenye jumla ya wati-saa 48. Ni kweli, kwa wati-saa mbili! Lakini betri ya nje ya T480 ipo pia ya wati-saa 72, na hilo muuzaji halitaji.

Katika Unguja jambo hili si anasa. Umeme wa kisiwa hutoka Tanzania bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari hadi Fumba. Mwaka 2008 waya huo uliponyamaza, watu walikaa gizani kiasi cha mwezi mmoja. Kisha wakakaa tena miezi mitatu, tangu Desemba 2009 hata Machi 2010. Waya mpya wa megawati 100, uliowekwa mwaka 2013, umepunguza hofu ile, ila kukatika kwa saa chache kungaliko. Mwenye betri mbili za nje, zote zikiwa zimejazwa mapema, huchomoa iliyoisha, akaendelea kuandika kwa nyingine. Mwenye T490 hupeleka kompyuta nzima kwa jirani mwenye jenereta, na tasnifu yake ndani.

Kumbukumbu nayo imepunguziwa uhuru. T480 ina nafasi mbili za kuibadilisha. Katika T490 sehemu moja imelehemiwa kwenye ubao mkuu, ikabaki nafasi moja. Kilicholehemiwa kikifa, fundi wa mtaani hana la kuchomoa.

Wala haya si manung'uniko ya wapenda vya kale. Mwaka 2024 Lenovo wenyewe walitoa T14 ya kizazi cha tano yenye nafasi mbili za kumbukumbu. Kama kuziondoa kulikuwa maendeleo, kuzirudisha ni nini? Betri ya nje hawakuirudisha.

Ofisi zinunuazo kompyuta za wanafunzi aghalabu huuliza mwaka, kasi na ukubwa wa diski. Nani ataifungua ikiharibika, hapa kisiwani, na kwa kifaa gani, ni swali lisiloandikwa katika karatasi zao.