Kabla ya Hema, Maji na Choo

Wazazi, walezi na viongozi wa vijana, likizo inakaribia na barua za kambi zimeanza kufika nyumbani. Skauti na Girl Guides, Watafuta Njia, vijana wa parokia, wanafunzi wa madrasa: kila kundi lina ratiba yake na mahali pake. Ni jambo la kufurahia. Mtoto aliyelala kwenye hema na wenzake, akapika kwa zamu na kuosha sufuria mwenyewe, hurudi nyumbani amekomaa. Tunazitaka kambi hizi ziendelee. Lakini barua nyingi hutaja nauli, mchango wa chakula, sare na shuka, kisha zinaishia hapo. Maji na choo havitajwi. Tunaomba vitajwe, tena vitajwe kwanza.

Kijana anayeogopa choo huacha kunywa maji. Msichana akiona choo kiko mbali, hakina komeo wala taa, hujibana tangu mchana ili usiku haja isimshike. Kesho yake kichwa kinamgonga, midomo imekauka, na kiongozi anadhani ni jua. Wavulana nao huishia vichakani. Mvua ikinyesha, uchafu ule unateremka mtoni, kule kule yanakochotwa maji ya chai. Hivyo ndivyo kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu vinavyopata njia ya kuingia kambini. Maji na choo ni jambo moja, na lazima vipangwe pamoja.

Tuanze na maji. Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika ya misaada duniani, vinataka kila mtu apate angalau lita 15 kwa siku za kunywa, kupika na usafi. Kambi ya vijana 60 basi inahitaji lita 900, yaani madumu 45 ya lita 20, kila siku. Nani atayachota? Kutoka wapi? Yatahifadhiwa kwenye nini? Kwa vijana wanaotawadha mara tano kwa siku, ongezeni. Na kwa kuwa wengi wetu hujisafisha kwa maji, ndoo na kopo la chooni navyo vihesabiwe.

Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika moja nzima, kisha yafunikwe. Mkitumia dawa ya klorini, maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, kipimo kifuate maelekezo ya pakiti, na msubiri nusu saa kabla ya kunywa. Kambi za kando ya Ziwa Victoria zina jambo la ziada: kichocho huingia kwa kupenya ngozi, kwa hiyo kuoga ziwani si mbadala wa bafu, hata maji yakionekana safi namna gani.

Sasa choo. Kambi nyingi hufanyika kwenye shule zilizofungwa, na hapo tuna kipimo tunachokifahamu: tundu moja kwa wasichana 20, tundu moja kwa wavulana 25. Kwa wasichana 30 na wavulana 30, ni matundu mawili kila upande. Msiridhike kuambiwa vyoo vipo. Nendeni mkafungue milango. Angalieni kama shimo limejaa, kama komeo linafunga kwa ndani, kama bomba linatoa maji au tangi ni kavu tangu shule ifungwe. Mahali pasipo na choo, shimo lichimbwe kabla vijana hawajafika, umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisimani au mtoni, upande wa chini wa mteremko. Kila anayetoka amwage udongo au jivu, na siku ya kuondoka shimo lifukiwe vizuri. Upande wa wasichana kuwe na taa, maji, na ndoo yenye kifuniko ya kutupia pedi, na mlezi wa kike ambaye wanaweza kumwambia lolote bila haya.

Mikono isisahaulike. Kibuyu chirizi hakigharimu kitu: kidumu cha lita 5 kinatobolewa tundu dogo kwa msumari, kinatundikwa kwenye mti uliolazwa juu ya panda mbili, na kamba inashuka hadi kwenye kijiti cha kukanyagia. Ukikanyaga, kidumu kinainama na maji yanachirizika, wala mkono haukigusi. Kipande cha sabuni kinatobolewa katikati na kuning'inizwa pembeni. Wekeni kimoja chooni na kingine jikoni. Waachieni vijana wenyewe wavitengeneze siku ya kwanza, na ufundi huo watarudi nao nyumbani.

Viongozi, tunajua mnajitolea, mara nyingi kwa fedha za mfukoni, na hatusemi haya kuwaongezea mzigo. Tunataka kuubeba pamoja nanyi. Mzazi mwenye gari ajitolee kupeleka tangi. Fundi wa mtaani akarabati komeo. Bwana afya wa kata aombwe kukagua eneo wiki moja kabla. Hiyo ni kazi yake, na wengi wao huja kwa moyo mmoja wakiitwa.

Wewe mzazi, barua ikifika, kabla hujatia saini uliza matatu: maji yanatoka wapi, matundu ni mangapi kwa wasichana na mangapi kwa wavulana, na nani amekwenda kuviona kwa macho yake? Ukijibiwa vizuri, lipa mchango na umpe mtoto baraka zako. Usipojibiwa, usimzuie mtoto. Itisha kikao, jitolee kwenda kukagua, na safari isogezwe wiki moja mpaka maji na choo viwe tayari.